Mdundo wa Mvivu

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliishia pale Pantaleo aliposhuka kwenye basi la Mwanza na masanduku mawili, na mimi nikayapokea yote mawili.

Msomaji mmoja wa Kahama ameniandikia kuuliza kwa nini mtu mzima alimbebea mwenzake mizigo kwa miaka tisa. Nimelifikiria swali lake. Sina jibu zuri. Niliamini kwamba Pantaleo anajua kuimba.

Kwa anayeanza leo: naitwa Cornel. Mimi ni fundi wa redio mjini Shinyanga, na ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kufungua redio zilizokufa. Pantaleo ni mwimbaji wa roki aliyejiita Panta, na vipaza sauti alivyovitumia niliviunda mimi. Mke wangu ni Limi, binti wa Mzee Ngassa wa Songwa. Na kuna mdundo mmoja wa ngoma ambao nilimwapia Limi kwamba hautatoka tena mkononi mwangu.

Leo naungama jinsi ulivyotoka.

Nianze na mdundo wenyewe. Kwetu watu hulima kwa kikundi, kila mtu na tuta lake, na ngoma ya bugobogobo ikiwasukuma mbele. Majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Katika kikundi cha Mzee Ngassa, mtu akilegea na kuachwa nyuma, mpiga ngoma alikuwa anabadilisha mdundo. Mapigo matatu mazito, mawili mepesi ukingoni, kisha kimya cha pumzi moja. Ndani ya kimya kile mstari mzima humtaja mvivu kwa jina, bila kugeuka kumtazama.

Vikundi vingine viliuiga. Miaka ile hapakuwa na mtu wa kulima upande ule asiyeujua.

Mvua za mwaka 1976 mpiga ngoma nilikuwa mimi. Aliyeachwa nyuma alikuwa Mihayo, kaka yake Limi, shemeji yangu mwenyewe. Wazee walinipa ishara. Nilipiga. Jina lake likatajwa mara kumi na moja. Nilihesabu, maana ni tabia yangu kuhesabu. Mihayo aliliweka jembe chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka kwa njia ya mbugani. Hakurudi.

Miezi mitatu baadaye mganga wa zahanati alituambia kwamba Mihayo alikuwa akikojoa damu mwaka mzima, na alikuwa anaona aibu kusema.

Mzee Ngassa akaupiga marufuku mdundo ule. Limi akaniambia maneno machache. "Siku nikiusikia tena kutoka kwako, mimi na mtoto tunarudi kwa baba."

Niliapa. Na tangu hapo simhukumu mtu haraka. Hata Pantaleo, niliyekuwa naye mwaka mmoja tayari, nilimpa miaka minane mingine.

*

Masanduku tuliyafungulia stoo ya duka la Narendra, pale tulipokuwa tukifanyia mazoezi. Narendra aliuza redio, betri na majembe, na ndiye aliyekuwa akitudhamini. Mwaka ni 1984, mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa miezi michache nyuma.

"Unaona nini, Cornel?" Pantaleo aliuliza.

"Kinanda cha umeme. Na mashine."

"Unaona kifo cha roki."

Alikuwa amenyoa pembeni na kuacha shungi mbele lililomfunika jicho moja. Lile koti la ngozi, alilolivaa katika joto lote la Shinyanga kwa miaka tisa, halikuwapo. Alivaa shati lililofungwa mpaka shingoni na tai nyembamba kama utambi wa koroboi.

"Imekufa lini?" nilimuuliza. Nilitaka kujua kweli, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na dansi ya roki Mwadui.

"Imekufa Nairobi. Huku habari hazijafika. Sasa ni wimbi jipya. Nyuwevu. Hakuna kupiga kelele, hakuna jasho. Mwimbaji anasimama kama sanamu, anaimba kama mtu asiyejali."

"Wewe hujawahi kujali," Narendra alisema kutoka kaunta. "Hapo utaweza."

Pantaleo hakucheka. Sanamu hazicheki. Akaweka mkono juu ya ile mashine, sanduku dogo lenye vifungo mistari miwili. "Hii inapiga ngoma. Haichoki, haili, haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Wapiga ngoma ni wavivu, Cornel. Mwambie yule wetu asije kesho. Na wa besi pia."

"Niwaambie mimi?"

"Wewe una sauti ya upole."

Mpiga ngoma wetu alikuwa amepiga na homa, amepiga na mguu wa bandeji, amepiga siku aliyomzika mama yake kwa sababu Pantaleo alisema watu wameshalipa. Nikamwendea nikamwambia. Aliniuliza kama mashine inakula ugali. Nikamwambia haili. "Basi mtakuwa mnamlisha Panta peke yake," akasema, akafunga mlango.

Lile neno, wavivu, nililiweka moyoni. Sikufanya nalo kitu.

*

Kitabu cha mashine kilikuwa cha Kiingereza, kurasa arobaini na nane. Nilisoma kurasa tatu kwa siku na kamusi pembeni. Siku ya kumi na sita mashine ilikuwa inanitii.

Pantaleo hakufungua hata jalada. "Mimi ni msanii," alisema. Miaka tisa hakuwahi kukaza uzi wa gitaa lake mwenyewe, kwa hiyo sikushangaa.

Tulirekodi Jumapili, duka likiwa limefungwa. Nilipanga magunia ya pamba ukutani ili sauti isirudi. Tulikubaliana kuanza saa nne asubuhi. Pantaleo alikuja saa saba, akalala juu ya gunia, akaomba soda.

Kisha akaimba. Naomba nimtendee haki. Zamani alipokuwa akipiga kelele, angalau kelele zilikuwa zake. Sasa aliimba kama karani wa stesheni anayesoma namba za mizigo. Wimbo wa kwanza ulisema, "Nipigie simu, mimi ni kivuli." Katika Shinyanga nzima niliwajua watu saba wenye simu, na hakuna hata mmoja ambaye angempigia.

Wimbo wa pili ulihusu theluji.

"Umewahi kuiona?" nilimuuliza.

"Nimeihisi."

Nikarekebisha kipaza sauti.  Wiki tatu tulirekodi nyimbo tisa za aina hiyo na sikusema kitu, maana nilikuwa bado nauliza moyoni kama kosa liko kwangu. Labda wimbi jipya ndivyo lilivyo. Labda mimi ni mtu wa zamani. Nilisikiliza kaseti moja aliyokuja nayo kutoka Nairobi, mara sita, kwa makini. Vijana wale walikuwa wapole, baridi, wenye huzuni ya kweli, na kila kitu kilikaa mahali pake. Kosa halikuwa la wimbi jipya.

Jumapili ya nne Narendra alileta karatasi ya kava ili tuipitie. Ilikuwa na picha ya Pantaleo kwa upande, jicho moja. Chini yake iliandikwa: *Muziki wote, ngoma zote na mitambo yote: Panta.*

Nilisoma mara mbili.

"Jina langu halipo," nilisema.

"Lingekaa wapi?" Pantaleo aliuliza, na aliuliza kwa dhati. "Wewe ni fundi wa kushika nyaya, Cornel. Ukipeleka gari kwa fundi, huandiki jina lake mlangoni."

Narendra aliangalia dari.

"Na bado tunadaiwa wimbo wa kumi," Pantaleo akaendelea, akijilaza kwenye gunia lake. "Ule utakaobeba jina la albamu. Nataka mdundo mgumu, wa kiwanda, wa Ulaya. Nitengenezee. Mimi nipumzike kidogo, nimechoka."

Alikuwa amefanya kazi dakika thelathini na tano.

Hapo ndipo nilipohukumu. Sikupandisha sauti. Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya mashine, nikaingiza mapigo matatu mazito. Mawili mepesi ukingoni. Kimya cha pumzi moja.

Ndugu msomaji, usiseme mkono uliteleza. Mkono haukuteleza. Mashine ililinyoosha pigo la tatu likawa sawa na mengine, lakini katika mdundo ule pigo la tatu huchelewa kidogo. Ndivyo nilivyokuwa nikipiga mimi tangu ujana. Ningeliacha lilivyo, nisingejulikana. Nilikaa saa nzima nikilisogeza mpaka likachelewa ipasavyo. Hata katika uovu nilishindwa kuacha kazi mbovu.

Pantaleo alifumbua jicho. Yeye ni mtoto wa katekista wa Runzewe, Msumbwa aliyelelewa bweni la misheni. Hajawahi kulima kwa ngoma. Nina shaka kama amewahi kulima kwa namna yoyote.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo Ulaya yenyewe. Lakini kuna tundu hapo katikati. Tuweke nini?"

"Unaonaje wewe?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, ilichukua muda.

"Jina langu," alisema.

Tukarekodi. Mapigo matatu, mawili, kimya, na ndani ya kimya sauti ya Pantaleo, baridi kama sahani: *Panta.* Mapigo matatu, mawili. *Panta.* Alijitaja mara arobaini na mbili.

Pantaleo alipotoka kununua sigara, Narendra alinisogelea. Alizaliwa Shinyanga, Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu, na baba yake alinunua pamba Songwa kabla mimi sijazaliwa.

"Fundi. Huu mdundo naufahamu?"

"Pengine."

"Marehemu baba alinipeleka shambani nikiwa mdogo. Walimpigia mtu mmoja hivi. Mtu yule alilia."

Nilianza kuzikunja nyaya.

"Yeye hajui?" akaelekeza kidevu mlangoni.

"Hajui."

Narendra alivua miwani akaifuta kwa shati, mabega yakitikisika. "Basi na mimi sijui," alisema. "Kesho naagiza kaseti tupu."

*

Nyumbani Limi aliniuliza kazi imekwendaje.

"Tumemaliza."

"Umependa?"

"Ni mambo ya mashine, Mama Scola. Huwezi kuyajua."

Alikuwa akichambua mchele. Aliniangalia, akaendelea na mchele. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya kwanza ya kusema, na niliitumia kuomba chai.

Uzinduzi ulifanyika Maganzo mwezi wa nane, watu wakiwa wameshauza pamba. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wengi walitoka Songwa na vijiji vya jirani, na walikuwa na hamu ya roki.

Pantaleo alisimama kama sanamu. Nyimbo tisa watu walisimama nao kama sanamu. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti kama yule kijana ana malaria.

Kisha nikabonyeza wimbo wa kumi.

Mapigo matatu. Mawili. *Panta.*

 Nilimwona mzee mmoja mbele akigeuka kumtazama mwenzake. Mapigo matatu, mawili. *Panta.* Mtu akacheka pembeni, kicheko kifupi cha kubanwa. Mzunguko wa tatu ukumbi mzima uliitikia ndani ya kimya, "Panta," na mzunguko wa nne walikuwa wamejipanga mistari, wameinama, wanalima hewa, na wote wamempa mgongo.

Wanawake walilia kwa kucheka. Walimlima yule mtu kwa robo saa. Walinilazimisha kurudia mara tano.

Nilisubiri aelewe. Nilitaka kuiona sura yake wakati wa kuelewa. Nakiri hilo, ndilo nililolifanyia kazi yote.

Alishuka jukwaani na machozi. "Umeona, Cornel? Wamegeuka hata hawawezi kunitazama. Wamezidiwa."

"Wamezidiwa," nilisema.

"Na ule uchezaji wa kuinama. Nairobi hawana."

"Nairobi hawana."

Hivyo ndivyo dharau yangu ilivyofanya kazi. Narendra hakuweza kunakili kaseti kwa kasi iliyotakiwa. Watu walinunua ili wacheke, na mtu anayechekwa na mkoa mzima hana tofauti kubwa na mtu anayependwa na mkoa mzima. Mabango ni yale yale, mialiko ni ile ile. Pantaleo alinunua tai ya pili. Nilitaka kumtangaza mvivu, nikamtangaza Panta.

Kaseti zikasambaa mpaka Geita, mpaka machimbo ya dhahabu. Dereva mmoja wa lori alituambia kwamba huko mtu akizembea kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, wenzake humwekea wimbo wa Panta hapo juu ya shimo, na katika kile kimya hutaja jina la aliyezembea. Pantaleo alifurahi sana. "Wachimbaji ni watu wa kisasa," alisema.

Mimi sikufurahi. Ilinijia kwamba sikujua Mihayo alikwenda wapi miaka ile minane, na kwamba wanaume wanaoondoka Songwa kwa miguu bila jembe huwa hawana sehemu nyingi za kwenda.

*

Limi aliusikia stendi, akisubiri basi na binti yetu Scolastika. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Nilikuwa nimeketi na redio ya mtu mapajani. Alisimama mlangoni.

"Pigo la tatu," alisema. "Unachelewa pale pale kila siku."

Nilishika bisibisi. Nilitafuta kitu cha kukaza.

"Ni mashine, Mama Scola."

"Mashine haijui kuchelewa. Uliifundisha."

Nikaiweka redio sakafuni.

"Ulimpigia kaka yangu wazee walipokuamuru. Hilo nililimeza, nilikula nalo miaka minane. Safari hii alikuamuru nani?"

"Yule mtu ni mpumbavu, Limi. Ungemsikia. Alivyotutendea—"

"Kwa hiyo umekichukua kilichomfukuza ndugu yangu, sijui hata kama yu hai, ukakifanya mzaha wa mpumbavu."

 

Alifunga nguo za mtoto kwenye kanga. "Sitamwambia baba. Kumwambia ni kazi yako. Mvua zikianza, watu wakirudi shambani, nataka awe ameshasikia kutoka kinywani mwako."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Nilikuwa na miezi miwili. Nilitengeneza redio kumi na nne katika miezi hiyo, na zote mpaka leo zinalia vizuri.

*

Mvua zilianza wiki ya pili ya Novemba. Siku ya tatu mtu wa Songwa alikuja dukani kwa Narendra akiwa na baiskeli yenye tope.

"Mzee Ngassa anamwita aliyeupiga mdundo wa kwenye kaseti," alisema. "Kesho asubuhi, kwake."

Aliangalia picha ya Pantaleo ukutani aliposema hivyo. Mimi nilikuwa pale pale, na mkono wangu ulikuwa ndani ya redio.

"Wazee wananiita," Pantaleo alimwambia Narendra. "Hiyo ni heshima. Watanipa mbuzi."

"Labda," Narendra alisema. Hakunitazama. "Fundi, mwendeshe na pikapu yangu."

Asubuhi ile, njia nzima ya Songwa, Pantaleo alitengeneza shungi kwenye kioo. Nilikuwa na kilomita zote zile za kumwambia. Nilifungua mdomo mara moja, na akaniambia nipunguze mwendo kwa sababu upepo unaharibu nywele.

Uwanja wa Mzee Ngassa ulikuwa umejaa. Kikundi kizima cha kulima kilisimama kando ya zizi, majembe begani. Limi alikuwa mlangoni mwa nyumba ya mama yake, Scolastika akiwa ameshika kanga yake. Mtoto alinipungia. Limi aliushusha mkono wa mtoto taratibu.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba, Cornel." Mzee Ngassa hakusimama. Alikuwa amekonda. Pembeni yake kwenye kigoda alikaa mwanamume aliyekula vumbi la mawe mpaka nyusi, mikono mikubwa, shingo ya mifupa. Nilimtambua kwa jinsi alivyokiweka chini kikombe, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Mihayo.

"Mwangaluka, shemeji," alinisalimu.

"Mwangaluka." 

Alifungua kitambaa mapajani, akatoa kaseti. Kava lilikuwa limelowa na kukauka mara nyingi. Hakulitupia jicho, alinitazama mimi kidogo, kisha akamgeukia Pantaleo.

"Nilikuwa chini ya shimo, huko upande wa Runzewe," alisema. Alizungumza bila haraka. "Nimekaa huko miaka minane. Hakuna aliyejua natoka wapi. Wakauweka wimbo huu juu, na vijana wanaotoka huku wakaanza kutaja majina. Siku moja wakataja langu, kwa mzaha tu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kupumzika. Nikaona nimefuatwa mpaka chini ya ardhi. Nikapanda lori." Akainua kaseti. "Nauliza swali moja. Aliyeupiga ni nani?"

 Hiyo ilikuwa nafasi ya tatu, na kubwa kuliko zote.

"Ni mimi," Pantaleo alisema.

Alisema kwa furaha, akiweka tai sawa. "Kila kitu humo nimefanya mimi. Soma kava. Muziki wote, ngoma zote, mitambo yote. Watu wengi wananiuliza niliupata wapi. Siwezi kusema, ni siri ya kazi."

Mtu mmoja kwenye kikundi aliguna.

"Kijana," Mzee Ngassa alisema, "wewe si wa hapa, kwa hiyo nakueleza. Mdundo huu niliufunga mimi. Anayeupiga nje ya shamba langu analima tuta, sambamba na yule aliyepigiwa mwisho shambani, mwanangu huyu. Kuanzia sasa mpaka jua la kichwani. Akiachwa nyuma, anapigiwa yeye, kwa jina lake, kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo hali chakula katika nyumba yoyote ya ukoo huu, wala hachoti kisima chetu, wala hana mke wala mtoto kwetu."

Maneno ya mwisho aliyasema kama kanuni ya kawaida. Lakini Mihayo aliinua macho, na macho yake yalikuja kwangu.

"Ni mashindano, kwa hiyo," Pantaleo alisema.

"Ni kulima."

"Na watu wote hawa watatazama?"

"Wote."

"Vizuri sana." Akanigeukia, akanong'ona, "Cornel, ungekuja na kamera ya Narendra. Hii ingekuwa kava ya albamu ya pili."

Niliitazama mikono yake. Ilikuwa laini, kucha zimekatwa vizuri. Tuta la kwanza lingemtoa malengelenge, la pili lingemwangusha. Angepigiwa ngoma, angetajwa jina, angedhani ni shangwe, angerudi mjini na kusimulia. Asingepoteza kitu chochote, kwa sababu hapa hakuwa na nyumba, wala kisima, wala mke. Na mimi ningekuwa salama. Mtu niliyemdharau kuliko wote angenibebea mzigo wangu bila hata kujua ni mzigo.

Miaka tisa nilikuwa nikimbebea yeye. Nilijiambia hiyo ni haki. Nilijiambia hivyo kwa utaratibu, hoja baada ya hoja, na kila hoja ilikaa sawa.

Limi alishuka kutoka mlangoni na majembe mawili.

La kwanza alimpa kaka yake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mihayo alilipokea akapima mpini wake.

La pili alikuja nalo. Alimpita Pantaleo kama mtu anavyopita kigingi cha ng'ombe, akasimama mbele yangu, karibu, kiasi kwamba niliona udongo mkavu kwenye kidole chake. Akaniwekea mpini mkononi.

"Baba Scola," alisema, kwa sauti ya kawaida, ile ya nyumbani. "Yule mgeni anasubiri jembe. Mpe. Au baki nalo."

Nyuma yake Pantaleo alikuwa ameshanyoosha mkono, anatabasamu.